Muti wa kupima maji na kitanda cha muke wangu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye pua ya baji na kuchoma maji na muti. Siyo kazi ya mutu wa masomo. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Mwalimu wetu alienda kuzika mama yake na hakurudi, na sisi tukaendelea kwenda kila asubuhi kwa wiki mbili nzima, tunakaa, tunamungoja, kisha tukachoka. Ndiyo maana mukiona maandishi yangu yanapinda, musicheke sana. Lakini kuhesabu nilijua.

Wakati ule mashua moja ilisukuma baji tatu au nne zisizo na injini, zimejaa watu, mbuzi, magunia na mafuta ya mawese, inashuka toka Kisangani kwenda Kinshasa. Mbele kabisa tulisimama wawili, mimi kuume, mwenzangu kushoto, kila mutu na muti wake. Unaushusha, unagusa muchanga, unasoma rangi, unapiga kelele: "Tano! Tano! Ine na nusu!" Kule nyuma, juu, kapiteni anasikia na anageuza usukani. Muti wangu ulikuwa na vipande tisa vya rangi, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe. Kila kipande kilikuwa na urefu wa mukono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Mukono wa nani, hiyo sikuuliza. Ningeuliza wakati ule, labda ningepunguza shida nitakayowaambia.

Bon. Siku moja ya kiangazi, maji imeshuka, tulifika mbele ya Barumbu. Kapiteni alitaka kufunga kamba pale tupakie makemba, zile ndizi kubwa za kupika, na samaki ya moshi. Akasimamisha mashua mbali, katikati ya muto, akanituma na mutumbwi niende kupima. Mimi nilikuwa na njaa. Toka asubuhi upepo ulikuwa unatuletea harufu ya ile samaki. Nikapiga kasia moja kwa moja mpaka kwenye ukingo, pale akina mama walipopanga vikapu vyao, nikashusha muti. Ukazama wote, vipande tisa, mpaka mukono wangu ukalowa. Nikasimama katika mutumbwi, nikapiga kelele kwa furaha: "Hakuna chini! Njoo, hakuna chini!" Kapiteni akaja. Katikati ya njia mashua ikapanda juu ya muchanga, ikakaa kama kuku juu ya mayai.

Tulikaa pale siku tatu. Kapiteni hakunipiga. Aliniita kule juu kwake, akasema polepole, na hiyo ilinitisha kuliko fimbo:

"Wee. Nilikutuma kupima njia. Wewe umenipimia mahali pa kulala."

Siku ya pili akaja musichana mumoja na mutumbwi umejaa samaki. Alikuwa anauzia watu wa baji, anawapandishia bei kwa sababu alijua hatuna pa kwenda. Akafika chini ya pua, pale niliposimama na haya zangu. Akaniangalia.

"Ni wewe ulisema hakuna chini?"

Nikaangalia muti wangu. Yeye akashuka katika mutumbwi wake, akasimama ndani ya maji pembeni ya mashua yetu kubwa. Maji ilimufikia magoti. Akainua kidogo liputa yake ya kitenge, akawaita watu wote wa baji waangalie:

"Yo! Nisaidieni! Nazama!"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakaanza kulia. Huyo ndiye muke wangu. Sikumuoa siku ile, msifikiri hivyo. Ilichukua safari sita au saba, na samaki mingi ambayo sikuhitaji. Lakini magoti yale niliyaona siku ile, na mimi ni mutu mukweli, nilianza kuyafikiri mpaka Kinshasa.

Baba yake alikuwa muchongaji wa mitumbwi. Hakuwa seremala, na hii muishike, kwa sababu shida yote imetoka pale. Siku tulipomaliza mambo ya mahari alisema binti yake hatalala chini kwa mutu wa mashua, akatuchongea kitanda. Mbao za afromosia, nzito, nyeusi kama chai iliyosahauliwa juu ya moto. Hakuna musumari hata mumoja wa chuma. Alichonga misumari ya muti, akaikausha juu ya moshi mpaka ikanywea, akaipiga katika matundu, kisha akamwagia kitanda maji ndoo kwa ndoo. Ile misumari ikavimba ndani. Nikamuuliza, baba, siku tukihama tutakifungua namna gani? Akacheka, akamuangalia ndugu yake, wakacheka wote wawili.

"Nani anafungua mutumbwi?"

Kilisafiri mpaka Kisangani juu ya baji, wazi, chini ya jua. Wanawake watatu na watoto wao walilala juu yake usiku wote, na muchana mumoja nilimukuta kapiteni mwenyewe amelala pale, kofia juu ya macho. Aliamuka, akapiga ubao na ngumi, akasema, "Hii ni mashua." Akaenda zake.

Na kwa jamaa ya muke wangu iko desturi. Kitanda alichotoa baba ni cha binti. Mwanaume analala juu yake kama mugeni. Mukiachana, wewe unabaki chini, kitanda kinaondoka na mwenyewe. Mahali kitanda kinalala, pale ndipo kwake.

Tulipanga nyumba katika komini ya Tshopo, hapo Kisangani. Wakati ule ilikuwa haijamalizika, ukuta wa nyuma ulikuwa bado mufupi. Kitanda kikavushwa juu ya ukuta, kikawekwa, kisha fundi akaja akamaliza ukuta. Chumba kilijengwa juu ya kitanda kama unavyomuvalisha mutu koti. Mulango wa chumba ulikuwa mwembamba, na mimi kila siku niliupita, miaka na miaka, bila kufikiri hata mara moja kwamba kitanda hakiwezi kuupita. Kwa nini nifikiri? Kilikuwa kimekwisha kuingia.

Sasa mwenye nyumba amekufa, watoto wake wanataka kuvunja na kujenga upya. Siyo watu wabaya. Walikuja na soda, wakakaa vizuri, wakasema: papa, mama, mpaka mwisho wa mwezi. Wakasema pia watatuvunjia ukuta wa nyuma siku hiyo hiyo, kitanda kitoke. Donc kutoka haikuwa shida.

Walipoondoka, muke wangu alikaa juu ya kitanda, akaanza kunyoosha shuka pale ilipokuwa imenyooka tayari.

"Mutoto wetu kule Kabondo ana nafasi ya mutu mumoja," akasema. "Hana nafasi ya kitanda."

"Ndiyo."

"Dada yangu kule Bangboka ana veranda. Kitanda inaenea pale."

"Ndiyo."

"Basi ukikosa nyumba ya kutuingiza sisi watatu, mimi naenda na kitanda yangu Bangboka, wewe unaenda Kabondo. Tutaonana kwenye matanga."

Alisema kama mutu anayefanya mchezo, lakini hakuniangalia. Mimi nakoroma, na yeye toka zamani ananipiga kiwiko hapa, chini ya mbavu. Bila kile kiwiko nitajuaje kama bado niko?

Nikatoa muti wangu. Nilikuwa nao siku zote hizo. Nilipoacha kazi ya mashua niliondoka nao, hakuna aliyeuliza, na muke wangu aliutumia kuinua kamba ya kukaushia nguo. Rangi zilikuwa zimepauka lakini zilionekana. Nikapima kitanda. Urefu, tano kamili. Upana, ine. Kesho yake nikapima tena ili niwe na uhakika, nikapata tano kasoro vidole ine. Nikakaa chini. Kitanda kimepungua? Nikapima tena: tano kamili. Muke wangu akapita na sufuria, akasimama.

"Jana ulishika kwa upande ule mwingine."

Nikaangalia. Ni kweli, upande wa chini wa muti uliliwa na mawe ya muto, kipande cha mwisho kimekuwa kifupi. Sasa nifuate upande gani? Nikalinganisha kipande kizima na mukono wangu mwenyewe, na mukono haukufika. Nikakaa na swali hilo mpaka chakula kikapoa: kama mukono wa mutu unapungua na uzee, au kama ule muti ulipakwa rangi na mutu wa mikono mirefu. Mwishoni nikasema, tano. Tano ni namba nzuri.

Yule aliyetutafutia nyumba alikuwa komisionere mumoja kijana, viatu vya ncha, simu mbili. Komisionere kwetu ni mutu anayejua nyumba zote na hana hata moja. Alituonyesha ya kwanza, upana wa chumba ulikuwa tatu na nusu. Ya pili ulikuwa ine, kitanda kingeingia na sisi tungekaa inje. Ya tatu, kabla sijashusha muti, muke wangu aliangalia mulango akarudi kwenye njia. Siku zilikuwa zinaisha. Kila jioni naona muke wangu anakunja kitu kimoja zaidi, na anaweka vitu vyake katika sanduku moja, vyangu katika sanduku lingine. Sikuuliza. Lakini niliyaona yale masanduku mawili.

Kisha kijana akapiga simu. "Papa, nimepata. Makiso, katikati ya muji kabisa. Nyumba ya wazungu wabeleji, chumba ni kubwa, hata kamio ya mizigo inaingia, inageuka, inatoka."

"Maji iko?"

"Iko."

"Moto ya umeme?"

"Papa, moto iko kama Tshopo inataka," akasema, maana umeme wetu wote unatoka kule kwenye maporomoko ya muto Tshopo, na maporomoko hayaulizi mutu.

Tukaenda asubuhi. Muke wangu alipanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, amekaa nyuma ya kijana wa toleka kama malkia, na mimi nikawafuata kwa miguu na muti begani, kwa sababu hakuna mutu wa toleka wala wa pikipiki aliyekubali kupakia muti wa vipande tisa. Njia nzima watu waliniuliza mambo. "Papa, maji ni ngapi hapa?" "Papa, angalia, kuna muchanga mbele!" Mumoja alijifanya kuzama pale kwenye barabara. Sikukasirika. Nilikuwa nahesabu: tano kwa ine, tano kwa ine.

Nyumba ilikuwa ya etaji, chumba kiko juu. Hiyo kijana hakuisema katika simu, au aliisema na mimi nikasikia "kubwa" tu. Chini, pembeni ya mulango, mama mumoja wa kwanga, anayeuza ile mikate ya mihogo, alikuwa ameketi na beseni lake na imbabula, jiko la makala, anachoma makemba. Muke wangu akashuka, akaangalia juu, akaangalia ngazi.

"Ni kule?"

"Ni pale tu, mama," akasema yule kijana komisionere, aliyekuwa anatungoja pale. "Hatua kidogo."

Nikaanza kupanda na muti wangu. Ngazi za wabeleji zinapanda, zinafika kwenye ukuta, zinageuka, zinapanda tena. Pale kwenye kona muti ulikataa. Nikausimamisha, ukagonga juu. Nikaulaza, ukagonga ukuta wa mbele na wa nyuma. Nikaupindisha kidogo kama naupitisha katika miti ya mitego ya wavuvi Wagenia, ukashika kabisa, ukawa kama boriti. Kijana akanisaidia kuutoa. Tukasukumana dakika nzima, jasho linatutoka.

"Alors papa," akasema, "shuka nao inje. Mimi napanda, unanipa kwa balkoni."

Akili nzuri. Nikashuka, nikauinua toka kwenye barabara, yeye akauvuta toka juu, ukaenda kirahisi kabisa. Nilifurahi. Ninyi munaosoma mumekwisha kuona. Mimi sikuona. Nilikuwa na tano kwa ine katika kichwa na hakuna nafasi ya kitu kingine.

Nilipopita tena kwenye mulango, muke wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu.

"Unangoja nini?"

"Panda wewe," akasema. "Mimi nasikia harufu ya makemba."

Nikaomba kipande cha makala baridi kwa mama wa kwanga, nikapanda.

Sasa kule juu mambo yalichanganyika vizuri zaidi. Kuna salo ya kukalisha wageni, kuna njia nyembamba ya ndani, kuna milango. Niliingia chumba cha kwanza. Dirisha la kijani, kioo kimoja kimevunjika. Nikapima na muti, ncha inatokea mulangoni, kisha dirishani: nane kwa saba. Sikuamini. Nane kwa saba! Kitanda kinaingia, na kando yake kunabaki nafasi ya kuweka sanduku, kiti, hata muke wangu akitaka kukasirika na kunigeuzia mugongo akiwa amesimama. Nikatoka, nikapita salo, nikapita ile njia nyembamba, nikaingia chumba cha pili. Nikapima: nane na vidole ine, kwa saba. Kikubwa kidogo kuliko cha kwanza. Dirisha la kijani pia, na kioo kimevunjika pia.

Nikatoka kumutafuta kijana. Alikuwa na simu zote mbili kwenye masikio.

"Vyumba viwili ni karibu sawasawa," nikamuambia. "Kama mapacha. Lakini kwa nini walivunja kioo kimoja kimoja?"

"Papa, chumba ni moja."

"Na kile kingine?"

"Kingine kipi?"

Nikamushika mukono, nikamupeleka. Tukaingia chumba cha kwanza, nikamuonyesha. Kisha tukatoka, tukapita salo, tukapita njia nyembamba, tukaingia chumba cha pili. Katikati ya sakafu kilikuwepo kitambaa changu cha kupangusa jasho, kile nilichoacha katika chumba cha kwanza.

"Papa," akasema kijana, na huruma katika sauti, "umeingia kwa mulango ingine."

Na mara ya pili nilikuwa nimeshika muti kwa upande ulioliwa na mawe. Ndiyo vile vidole ine.

Bon. Chumba kimoja, milango miwili. Nikaona tusirudi nyuma sana. Nikapiga magoti, nikachora kitanda kwenye sakafu na makala, tano kwa ine, kichwa upande wa ukuta, maana muke wangu hawezi kulala na kichwa upande wa mulango. Nikachora na mito. Kijana akasema, papa, mwenye nyumba atakasirika na makala, nikamuambia tutapangusa. Kisha nikavua kandambili, nikaziweka upande wa dirisha, upande wake yeye, nikalala upande wangu, ndani ya mistari.

Nililala pale kidogo. Nikanyoosha miguu, haikupita mustari. Nikanyoosha mukono kulia, nikagusa kandambili. Nikasema katika roho, ni hapa. Masanduku yatakuwa moja juu ya lingine, tutakula lituma, makemba ya kuponda, pale kwenye balkoni, na hakuna mutu atakayekwenda Bangboka. Kijana alisimama mulangoni. Sijui kama ule mulango ulikuwa wa kwanza au wa pili.

"Iko namna gani, papa?"

"Inaenea."

Sauti ya muke wangu ikapanda toka chini, kwenye ile ngazi ya tatu:

"Muzee! Kitanda inaingia?"

"Inaingia!" nikapiga kelele, bado nimelala. "Inaingia na inabaki!"

"Inapitia wapi?"

Nikafungua mudomo. Nikaangalia dari. Nikaona pua ya baji, na kapiteni kule juu, na yale maji ya Barumbu, nyekundu, nyeupe, mpaka mukono ukalowa. Nikaketi.

Nikatoka mpaka kwenye kona ya ngazi, kandambili nimezisahau, nikanyoosha mikono yangu miwili toka ukuta mpaka ukuta. Mikono ilijikunja. Kitanda kisichofunguliwa, tano kwa ine, hapa? Kikisimamishwa kingegonga juu, kikilazwa kingegonga mbele. Hata muti mwembamba ulikuwa umekataa.

Nikarudi kwa kijana. "Hakipiti."

"Kinapita, papa!" Na yeye hakutaka kupoteza kazi ya siku. "Muti yako ilipitia wapi? Balkoni! Watu sita, kamba mbili nene, wawili wanasukuma toka chini. Kitanda inapanda kama mukubwa anaingia ndege. Nimefanya hivyo na frigo, nimefanya na piano ya kanisa."

Nikaangalia balkoni. Ilikuwa pana. Nikapima chuma chake, nikapima mulango wake, ulikuwa wa mbao mbili, ukifunguliwa wote ni sita, na ule wa chumba upande wa salo ni sawa nao. Tano inapita katika sita. Nikapima tena kwa upande wa pili wa muti. Bado inapita. Moyo ukarudi mahali pake. Nikainama juu ya chuma cha balkoni, nikamuona mama wa kwanga pale chini, na miguu ya muke wangu inaonekana mulangoni, imenyooshwa.

"Mama!" nikaita. "Tumepata njia! Tunakipandisha hapa, kwa balkoni! Na kamba!"

Ile miguu ikajikunja, muke wangu akauliza:

"Na mimi?"

"Nini?"

"Nasema, na mimi? Mutanipandisha na kamba?"

Mama wa kwanga akacheka mpaka akashika beseni. "Yaya, na wewe watakufunga hapa katikati, kama gunia ya mihogo!" Kijana akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilimuona muke wangu anapanda katika hewa ya Makiso, anawatukana wale watu sita mumoja mumoja.

Kisha nikaacha kucheka. Nikaingia katika ngazi, nikaanza kushuka, nikasikia mudomo wangu unahesabu kwa sauti kama wakati ule: moja, mbili, tatu. Tisa mpaka kwenye kona. Nane toka kwenye kona mpaka chini. Kumi na saba, na kila moja ndefu, zilijengwa kwa miguu ya watu wengine.

Alikuwa ameketi palepale. Alikuwa amevuta liputa mpaka juu ya goti la kuume na anakanda goti na mikono miwili, kama unavyokanda unga. Lilikuwa limevimba. Goti hilo linamuuma toka mvua za mwaka jana, usiku nasikia analigeuza kama mutoto mugonjwa, na mimi nimekipima kitanda mara tatu, chumba mara mbili, balkoni mara mbili.

"Ulipanda ngapi?" nikamuuliza.

"Tatu. Ya ine imenikatalia." Akaficha goti. "Chumba ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Kubwa?"

"Nane kwa saba."

"Yo." Akanyoosha liputa yake. "Basi muchukue. Kitanda kinaweza kukaa. Mimi nikipanda nitapanda, sitashuka tena, ndiyo tu. Nitakuwa nakuita toka balkoni uniletee habari."

Alikuwa anafanya mchezo tena bila kuniangalia. Nikafikiri siku zake zote kule juu, na mimi naingia na kutoka kwa milango nisiyojua ni ya kwanza au ya pili. Kukaa pamoja tungekaa. Lakini hakuwa mutu wa kukaa juu ya kitu. Yeye ni mutu wa kushuka katika mutumbwi.

Mama wa kwanga alikuwa anatusikiliza, hakujificha. Akageuza kemba kwenye makala.

"Muambie papa," akasema.

"Aniambie nini?" nikauliza.

"Huyu mama," akasema muke wangu, "anasema kule Mangobo kuko nyumba, ilikuwa depo ya kuweka chumvi. Inanuka kidogo. Mulango wake ni ule wa depo, mbao mbili, wanaingiza gari ya kusukuma. Nikamuuliza kama kuko ngazi."

"Na kuko ngapi?"

"Hata moja, papa," akasema mama wa kwanga. "Unatoka katika barabara, uko ndani."

"Chumba kina ngapi?"

"Mimi sikupima. Kuna chumvi tu pale."

Nikataka kupanda kuleta muti. Niliweka hata muguu kwenye ngazi ya kwanza. Muke wangu akanishika suruali.

"Uache. Unisimamishe kwanza."

Nikamusimamisha. Alikuwa muzito upande mumoja. Nikamushikilia mpaka kwenye toleka, kijana wa toleka aliyekuwa anangoja akainamisha baiskeli, muke wangu akakaa vizuri, akapanga liputa yake. Mama wa kwanga akatupatia kemba mbili katika jani, akakataa kitu chochote, akatuonyesha njia kwa mudomo: kule, moja kwa moja, mpaka muone mulango wa bluu. Mimi nikashika kiti cha nyuma kwa mukono mumoja, nikaanza kutembea pembeni yake, peku.

Tulikuwa tumefika karibu na kona wakati komisionere alipotokea kwenye balkoni. Alikuwa ameushika muti wangu, wote, nyekundu na nyeupe, kama mutu anayevua samaki katika barabara.

"Papa! Muti yako! Papa, kandambili! Mwenye nyumba anakuja sasa hivi! Papa, tunasema nini?"

Nikainua mukono. Muke wangu hakugeuka, alikuwa anakula. Tukapinda kona.

Sikurudi kule.